Leseni ya uvuvi Muhuta na Rumonge: Nani anakaguliwa, nani anaponyoka?

KATIKA mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kuanzia Gitaza katika tarafa ya Muhuta, kupitia Magara na Minago hadi Rumonge na kuteremka Nyanza-Lac, yapo maneno mawili yanayoweza kuzima mazungumzo ya mwaloni papo hapo. Maneno hayo ni doria na leseni. Mwenye karatasi huanza kukumbuka alikoiweka. Asiye nayo huanza kukusanya nyavu zake. Na mchuuzi aliyekuja na beseni lake tu kununua ndagala hubaki akijiuliza kama na yeye anahusika.

Swali ninalotaka tulijadili leo ni hili: ukaguzi huo unakagua nini hasa? Jibu langu nalitoa mapema. Kwa sehemu kubwa, katika ziwa letu, tunakagua risiti badala ya kukagua uvuvi. Leseni imegeuka kuwa ushahidi kwamba mtu amelipa, wakati ilipaswa kuwa ushahidi kwamba mtu anavua kwa chombo kinachojulikana, kwa wavu unaoruhusiwa, mahali na wakati unaoruhusiwa. Matokeo yake ni kwamba anayekamatwa kwa urahisi ni mnyonge aliye nchi kavu, na anayeharibu ziwa usiku huponyoka akiwa na karatasi safi mfukoni.

Jambo hili linawagusa kwa namna ya pekee wasomaji wa aina mbili: ndugu zetu waliorejea kutoka ukimbizini, ambao wengi wao wanaanza maisha upya hapa ufukweni, na wafanyabiashara wanaovuka mpaka kati ya Burundi, Tanzania na Kongo wakiwa na magunia ya ndagala na mukeke. Hao ndio wanaoweka mtaji mdogo mahali penye hatari kubwa.

Tuanze na hesabu. Ziwa Tanganyika lina ukubwa wa takriban kilometa za mraba 32,900. Kongo ina takriban asilimia 45 ya eneo hilo, Tanzania asilimia 41, Burundi asilimia 8 na Zambia asilimia 6. Sisi wa Burundi, basi, tuna kipande kidogo cha maji lakini tuna watu wengi ukingoni mwake, na sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa nchini hutoka katika ziwa hili. Ndagala aliyekaushwa vizuri hupanda hadi milimani, kwa watu ambao nyama kwao ni ya sikukuu.

Mwaka 1995, sensa ya uvuvi iliyofanyika katika nchi zote nne ilihesabu wavuvi takriban 45,000. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu takriban 95,000. Maana yake ni kwamba katika miaka 16 idadi ya wavuvi ilizidi mara mbili. Sina haja ya kumwambia mtu wa Rumonge kama samaki nao waliongezeka mara mbili, maana anajua ukubwa wa mukeke aliokuwa akinunua zamani na ukubwa wa anaowaona leo.

Hapo ndipo ilipo kazi ya kweli ya leseni. Kimsingi leseni ya uvuvi ina kazi tatu. Ya kwanza ni kuhesabu: vyombo vingapi viko majini, vya nani, na vinaegesha wapi. Ya pili ni kuweka kikomo, yaani kufika mahali pa kusema kwamba vyombo vimetosha na mwaka huu haviongezwi. Ya tatu ni kumtambulisha mvuvi, ili anapokosea ajulikane, na anapodhulumiwa au kupotea majini ajulikane pia. Ushuru ni jambo la nne tu. Serikali inayotoa leseni kwa kila anayelipa, bila kikomo, haijasimamia uvuvi. Imekusanya kodi ya uvuvi, basi.

Ikumbukwe kwamba usimamizi haukuwa mgumu namna hii tangu mwanzo. Katikati ya miaka ya 1950, wafanyabiashara wenye asili ya Ugiriki waliingiza uvuvi wa meli uliokuwa na kituo chake Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Meli hizo zilikuwa chache, zilitoka bandari moja na kurudi bandari hiyo hiyo, na wenye mali walikuwa na ofisi zenye anwani. Afisa mmoja mwenye daftari angeweza kusimama gatini asubuhi akahesabu karibu kila kilo iliyoshushwa.

Katika muongo huo huo uliingia uvuvi wa mitumbwi miwili iliyounganishwa, ikiwa na wavu wa kuinua na taa za karabai za kuvuta ndagala usiku. Baadaye vikaja vyombo vikubwa zaidi vya aina hiyo, ambavyo wavuvi waliviita Apollo. Vita vya miaka ya 1990 vilileta amri za mara kwa mara za kuzuia uvuvi kwa sababu za usalama, meli zikakosa faida, na baadhi yake zikahamia kusini upande wa Zambia. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 uvuvi wa meli katika maji ya Burundi ulikuwa umekwisha.

Biashara haikufa, ilibadilika sura. Uvuvi wa kibiashara leo hauko katika meli za watu wachache, bali umetawanyika katika mitumbwi mingi, mialo mingi, matajiri wengi na vibarua wengi zaidi. Na hapo ndipo mfumo wa ukaguzi ulipoachwa nyuma. Bado tunakagua kana kwamba kuna gati moja na daftari moja.

Sheria zenyewe hazikosekani. Burundi ina Sheria Namba 1/17 ya Novemba 30, mwaka 2016, inayohusu uvuvi na ufugaji wa samaki. Kokoro la kuburuta hadi ufukweni, nyavu za uzi mmoja wa plastiki ambazo majirani zetu wa Tanzania huziita timba, na vyandarua vya mbu vinavyogeuzwa nyavu, vyote vimepigwa marufuku. Sababu yake inaeleweka na mtoto. Samaki wachanga hukaa karibu na ufukwe, na kokoro na chandarua huwazoa kabla hawajazaa. Wavu wa uzi mmoja ukikatika na kubaki majini hauozi, huendelea kuua bila mwenyewe kuwapo.

Kikanda, nchi nne zilitia saini jijini Dar es Salaam, Juni 12, mwaka 2003, Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika. Kutokana na mkataba huo ikazaliwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Desemba 2021 nchi hizo ziliafikiana tena, safari hii kuhusu hatua za pamoja za uvuvi, na katika mfumo huo yakaja makubaliano ya kulipumzisha ziwa kwa miezi mitatu kila mwaka, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Tanzania ilifunga upande wake kwa tarehe hizo mwaka 2024.

Kwa hiyo karatasi tunazo. Tatizo ni mahali ambapo karatasi hizo zinakutana na mtu.

Tuangalie msururu wenyewe. Kuna mwagizaji wa nyavu, ambaye huziingiza zikiwa zimefungwa vizuri kama bidhaa nyingine yoyote. Kuna muuza duka. Kuna tajiri wa mtumbwi, ambaye mara nyingi haendi majini. Kuna nahodha na vibarua wake. Kuna mnunuzi wa kwanza mwaloni, kuna wanaoanika, kuna wachuuzi wa barabara ya Bujumbura, na kuna wavukaji mpaka. Katika msururu wote huo, ukaguzi hukaa zaidi sehemu mbili: ufukweni asubuhi, na barabarani. Sababu ni rahisi. Doria ya usiku majini inataka boti, injini, mafuta na watu wanaolijua ziwa. Na kila mtu anajua shida ya mafuta iliyoikumba Burundi miaka ya karibuni. Kizuizi cha barabarani kinataka kamba na kiti.

Matokeo ni kwamba kosa linalotendwa majini huadhibiwa nchi kavu, na mara nyingi kwa mtu mwingine. Kibarua anakamatwa na wavu ambao si wake. Mama mchuuzi ananyang'anywa ndagala wadogo ambao hakuwavua. Tajiri analipa faini kama anavyolipa mafuta, anaiingiza katika gharama, na kesho yake mtumbwi unarudi majini. Muuza nyavu haulizwi kitu. Nimekaa na wavuvi wa mwambao huu mara nyingi, na lawama yao kubwa si kwamba sheria ipo. Lawama yao ni kwamba sheria inawajua wao tu.

Hapa niseme na waliorejea. Wapo waliokimbia mwaka 1972 kutoka Rumonge na Nyanza-Lac wakakulia Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wapo walioondoka miaka ya 1990 wakarudi baada ya amani, hadi kambi ya Mtabila ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Na wapo walioondoka mwaka 2015 na kuanza kurudi kutoka Nyarugusu, Nduta na Mtendeli tangu mwaka 2017. Wengi walikuta shamba la baba lina mwenyewe mpya na kesi isiyokwisha. Ziwa likaonekana kuwa kimbilio, kwa sababu ziwa halina hati. Hakuna jirani wa kukuambia kwamba mpaka umeuruka.

Hilo ndilo kosa ambalo mgeni wa ziwa hufanya: kudhani kwamba kisichokuwa na hati hakina masharti. Fedha ya kuanzia maisha ni ndogo, wavu halali ni ghali, na wavu haramu hupatikana kwa bei nafuu. Anayejua hesabu ya siku moja tu atanunua wa bei nafuu. Siku doria ikipita, wavu unachomwa mbele yake, na pamoja nao unachomwa mtaji wote aliorudi nao. Huyo hatapata wa kumkopesha mara ya pili.

Kwa hiyo, kabla ya kununua wavu au kuingia ubia wa mtumbwi, kuna maswali ambayo ni lazima yaulizwe na yajibiwe kwa kuonyeshwa, si kwa maneno. Leseni ina jina la nani? Je, ni ya chombo, ya mvuvi, au ya mfanyabiashara? Maana hizo ni karatasi tatu tofauti, na moja haisimami badala ya nyingine. Je, aina ya wavu iliyoandikwa ndiyo iliyomo mtumbwini? Je, muda wake haujaisha? Mtu anayekuambia "usijali, hapa tunajuana" anakuambia kwa lugha ya upole kwamba siku ya kukamatwa hatakuwapo.

Wafanyabiashara wa mpakani nao wana mtego wao. Anayetoka Rumonge kwenda mwalo wa Kibirizi, Kigoma, au anayepita barabara ya Mugina hadi Manyovu, anaingia katika nchi yenye sheria nyingine. Tanzania ina Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009, na huko hata biashara ya samaki ina leseni yake. Mgeni hulipa tofauti na raia, na kusafirisha samaki nje kuna kibali na mrabaha. Wengi hukwepa kwa kutumia leseni ya rafiki au shemeji aliye raia. Biashara huenda vizuri hadi siku mtakapokosana, au hadi afisa atakapouliza jina. Siku hiyo mzigo hauna mwenyewe.

Kuna pia kuchanganya mambo ambako nimekuona sana. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 1, mwaka 2007, na Kongo ikafuata mwaka 2022. Mfanyabiashara mdogo wa Jumuiya anaweza kupata cheti chepesi cha uasili kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ili bidhaa ya nchi wanachama isitozwe ushuru wa forodha. Cheti hicho ni msaada mkubwa. Lakini kinasema mzigo umetoka nchi gani, hakisemi kwamba samaki walivuliwa kihalali. Ndagala waliovuliwa kwa chandarua upande wowote wa ziwa wanaweza kupata cheti cha uasili kilicho sahihi kabisa. Mtu akishikwa na samaki wachanga, cheti hicho hakitamtetea.

Na hapa ndipo tunapouona udhaifu mkubwa wa mfumo mzima. Leseni ya Burundi haisomeki Kigoma. Leseni ya Kigoma haisomeki Baraka. Samaki hawana uraia. Kundi la ndagala lililo mbele ya Muhuta leo linaweza kuwa katika maji ya Kongo kesho, na mvuvi hulifuata. Ndiyo maana habari za wavuvi wa Burundi kukamatwa ng'ambo haziishi, na ndiyo maana kila mmoja husema alikuwa kwake. Usiku, katikati ya maji, hakuna nguzo ya mpaka. Lakini kuna jambo moja ambalo lingeweza kuwapo: namba iliyopakwa rangi ubavuni mwa mtumbwi, inayosomeka kwa tochi, na daftari moja ambalo afisa wa nchi yoyote kati ya nne anaweza kulitazama akajua chombo kile ni cha nani na kina ruhusa gani.

Ugumu huo upo hata ndani ya nchi yetu. Muhuta ilikuwa sehemu ya Bujumbura Vijijini. Mwaka 2015 ulipoundwa mkoa wa Rumonge, ikahamishiwa huko. Kisha ukaja mgawanyo mpya wa nchi katika mikoa 5 na tarafa 42, uliopitishwa kwa sheria mwaka 2023 na kuanza kutekelezwa mwaka 2025, na sasa Muhuta iko mkoa wa Bujumbura wakati Rumonge iko mkoa wa Burunga. Kwa mvuvi wa Gitaza, ufukwe ni ule ule na maji ni yale yale, lakini ofisi ya kupeleka malalamiko imebadilika mara mbili katika miaka kumi. Daftari likihama ofisi bila kunakiliwa vizuri, aliyelipa hugeuka asiyelipa. Namshauri kila mwenye leseni ya zamani ahakikishe jina lake limehamia pamoja na tarafa yake, na ahifadhi nakala.

Ziwa nalo limehamisha watu. Maji yalipanda kwa miaka kadhaa, na mwaka 2024 yakakaribia kiwango cha kihistoria cha mwaka 1964. Nyumba na mialo vilimezwa na maji, Rumonge ikiwamo. Mvuvi aliyeandikishwa katika mwalo fulani akajikuta anaegesha kwingine. Mfumo unaomtambua mtu kwa mahali tu, bila kutambua chombo chake, humpoteza mara mahali panapofunikwa.

Wapo watakaosema dawa ni nguvu. Tuangalie majirani. Mwaka 2017 Uganda ilipeleka jeshi katika maziwa yake kupambana na uvuvi haramu. Nyavu haramu zilipungua na wenye viwanda vya sangara walisema mzigo umeongezeka. Lakini malalamiko ya wavuvi kupigwa na mitumbwi yao kuchomwa yalifika hadi bungeni. Mwaka 2018 Tanzania iliendesha Operesheni Sangara katika Ziwa Victoria, nyavu zikachomwa na faini kubwa zikatozwa. Nguvu huleta matokeo ya haraka, sikatai. Ila hofu inadumu kwa muda ule ambao askari yupo. Akiondoka, wavu uliofichwa unatolewa, kwa sababu sababu ya kuununua haikuondoka.

Aidha, kukamata si kushinda. Watanzania wanaikumbuka meli ya Tawariq 1, iliyokamatwa Machi 2009 katika Bahari ya Hindi ikidaiwa kuvua bila leseni ndani ya ukanda wa uchumi wa Tanzania. Waziri wa uvuvi wakati huo alikuwa John Magufuli, na samaki wale waliogawiwa wananchi wakaitwa "samaki wa Magufuli". Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliwatia hatiani washitakiwa wawili. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu hiyo kwa kasoro za kisheria katika uendeshaji wa kesi. Kama serikali yenye mawakili na meli nzima mkononi iliweza kuteleza katika utaratibu, tufikirie askari wa mwaloni anayechoma wavu bila kuandika hata mstari mmoja. Wavu uliochomwa bila hati ni ushahidi uliochomwa. Aliyeonewa hawezi kudai, na mkosaji wa kweli hawezi kushitakiwa.

Kuna hoja nyingine ambayo ni nzito, na sitaki kuipita. Ipo sauti inayosema kwamba hata tukiwa na leseni safi, samaki watapungua tu, kwa sababu ziwa linapata joto. Hoja hiyo ina msingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la kisayansi la Nature ulieleza kwamba joto la ziwa limepunguza kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini, ambako ndiko huleta virutubisho juu, na kwamba uzalishaji wa chakula cha msingi cha samaki huenda umeshuka kwa takriban asilimia 20. Jambo hilo leseni haiwezi kulizuia.

Hata hivyo, mimi nasoma hoja hiyo kinyume na wanaoitumia kujitetea. Mwenye duka ambaye mapato yake yanashuka haongezi mdomo wa kulisha. Kama uwezo wa ziwa wa kuzaa umepungua, basi kikomo cha vyombo kina maana kubwa zaidi kuliko zamani. Tena ndagala ana bahati moja: anakua haraka na kuzaa mapema, hivyo akiachiwa nafasi huweza kurudi. Mukeke, ambaye chakula chake ni ndagala huyo huyo na ambaye anachukua muda mrefu zaidi kukua, hana bahati hiyo.

Nini basi kifanyike? Nionavyo mimi, mambo manne yangetosha kuanzia, na hakuna hata moja linalohitaji teknolojia ya ajabu. Meli za jodari baharini hufuatiliwa kwa satelaiti, lakini mtumbwi wa Muhuta hauhitaji satelaiti.

Kwanza, orodha ya leseni ibandikwe mwaloni. Majina, namba za vyombo, aina ya wavu na tarehe ya mwisho vionekane na kila mtu. Wavuvi wanajuana. Siku orodha itakapokuwa wazi, mkaguzi wa kwanza atakuwa mvuvi mwenye leseni halali, ambaye ndiye anayeumizwa kila usiku na yule asiye nayo. Tanzania imekuwa na vikundi vya usimamizi wa mialo kwa miaka mingi, na Burundi nayo ina kamati za mialo. Kamati isiyo na orodha ni kamati ya kusalimiana.

Pili, ukaguzi uhamie pale nyavu zinapoingia. Wavu wa uzi mmoja haufumwi Gitaza wala Minago. Unapita mpakani ukiwa na mwenye mali, gari na karatasi za forodha. Kuzuia marobota kumi mpakani ni rahisi kuliko kuwakimbiza watu mia majini. Kama kuna askari anayeweza kusimama barabarani kuhesabu ndagala wa mama mchuuzi, yupo pia anayeweza kusimama ghalani kuhesabu nyavu.

Tatu, kila kinachokamatwa kiandikiwe hati: kimekamatwa lini, wapi, kwa nani, kwa kosa gani, na nani amekamata. Nakala abaki nayo aliyekamatwa. Na faini ifuate wavu hadi kwa mwenye wavu, isiishie kwa kibarua.

Nne, miezi ya kufunga ziwa iendane na njia ya kuishi. Wavuvi wa taa wanakijua kipumziko tangu zamani, kwa kuwa mwezi mpevu ukiangaza taa hazivuti samaki, na kwa siku hizo mitumbwi hukaa. Lakini siku chache za mwezi mpevu na siku 90 si kitu kimoja. Aliyerejea bila shamba hawezi kukaa siku 90 bila chakula, atavua usiku, na ataitwa mhalifu. Nchi zote nne zifunge kwa tarehe zile zile, zitangaze mapema ili mfanyabiashara asikopeshe fedha ya ndagala ambao hawatavuliwa, na zitangulize mikopo midogo na vichanja vya waya vya kukaushia. Kuanika ndagala juu ya vichanja badala ya mchangani, jambo lililofundishwa mwambao huu na mradi wa Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, kunapunguza wanaooza na kuongeza bei. Samaki wachache wasiotupwa ni bora kuliko wengi wanaoozea mchangani, na mwenye akiba ndiye anayeweza kutii sheria.

Wapo wakubwa watakaoona orodha ya wazi kuwa hatari, maana orodha ya wazi huonyesha pia majina ya matajiri wenye vyombo vingi na leseni moja. Hiyo ndiyo sababu ya kuidai. Leseni iliyofichwa mfukoni inamlinda mwenye mfuko. Leseni iliyobandikwa ukutani inaweza kulilinda ziwa.

Kwa waliorejea na kwa wavukaji mpaka, wakati tukingoja hayo, ushauri wangu ni mmoja. Ombeni kuonyeshwa karatasi kabla ya kutoa fedha, na mkikamatwa dai hati kabla ya kulipa faini. Wote mkiuliza, kutakuwa na watu wengi mwambao mzima, kuanzia Muhuta hadi Nyanza-Lac, wanaouliza swali moja kila asubuhi: leseni hii ni ya nani, na inaruhusu nini? Swali hilo halihitaji boti wala mafuta.